Sasisho limekatika katikati: uifufue vipi kompyuta yako ya kizamani?

Umeme ukikatika, kadi ikigoma au kebo ikichomoka wakati programu dhibiti (firmware, yaani programu inayokaa ndani ya chipu na kuiendesha) inaandikwa, kompyuta hubaki na nusu kitu na nusu si kitu. Ukiiwasha, kimya. Kwenye mashine zinazotengenezwa leo kwa ajili ya wapenzi wa kompyuta za zamani, kama Commander X16, ZX Spectrum Next, MEGA65, Agon Light na Neo6502, hali hiyo mara nyingi hurekebishika. Waliozibuni walijua kwamba wateja wao watasasisha kila mara na kwamba siku moja mambo yataharibika. Kazi iliyobaki ni kuchagua njia. Zipo za kubonyeza vitufe tu, zipo za kebo ya USB, zipo za kuchomeka kifaa kwenye pini za bodi, na zipo za kung'oa chipu. Mwenye hofu hukimbilia ile nzito kuliko zote, akapinda pini au akaunguza chipu ambayo haikuwa na kosa lolote.

Msimamo wangu nautoa mapema: njia ichaguliwe kwa kuangalia sehemu gani bado iko hai, wala usichague kwa sababu tu una kifaa fulani mezani. Iliyo hai ndiyo itakayoandika iliyokufa.

Kwanza, aliyekufa ni nani?

Kompyuta hizi huwa na chipu zaidi ya moja yenye programu dhibiti yake, na chipu hizo hazifi zote kwa pamoja. Agon Light inaonyesha jambo hili vizuri. Kichakataji chake ni eZ80F92, chenye flashi (kumbukumbu isiyopotea umeme ukizimwa) ya ndani ya kilobaiti 128 inayobeba mfumo uitwao MOS. Pembeni yake ipo ESP32 inayoshughulikia picha, sauti na kibodi, nayo inabeba programu iitwayo VDP. Ukiwasha, mstari wa kwanza kwenye skrini unatoka kwa ESP32 yenyewe na unataja toleo la VDP. Baadaye ndipo unakuja mstari wa MOS, kisha kinyota kinachokungojea uandike amri. Ukiona mstari wa VDP halafu basi, hakuna MOS wala kinyota, jua kwamba ESP32 ni nzima na aliyeharibika ni eZ80. Skrini ikiwa tupu kabisa, mshukiwa ni ESP32, au kebo ya skrini, ambayo watu huikumbuka mwisho ilhali ingekaguliwa mwanzo.

Commander X16 ina programu dhibiti tatu. Kuna ROM, iliyo kwenye chipu ya SST39SF040 yenye kilobaiti 512. Kuna SMC, ambayo ni maikrokontrola ya ATtiny861. Na kuna VERA, bodi ndogo ya picha na sauti yenye FPGA ya Lattice (chipu ambayo saketi zake hupangwa upya kwa faili) na flashi yake. SMC ndiyo inayosikiliza kitufe cha kuwasha na kuiamuru pawasaplai ya ATX ifungue umeme. Ikiharibika, unabonyeza kitufe na hakuna kinachotokea, hata feni haizunguki, ungedhani umeme haupo ukutani. Lakini ukiweka multimita kwenye waya wa zambarau wa pawasaplai utakuta volti 5 za kusubiri zipo pale muda wote. ROM ikiharibika, mambo ni kinyume: feni inazunguka, taa inawaka, ila hakuna maandishi yanayotokea. Watu wawili wanaweza kusema "X16 yangu imekufa baada ya kusasisha" na dawa zao zisifanane hata kidogo.

Halafu kuna vifo vya uongo. Kadi ya SD iliyoumbizwa kwa exFAT wakati mashine inasoma FAT32 tu inaweza kuifanya kompyuta nzima ionekane maiti. Faili ya sasisho nayo ikaguliwe: linganisha ukubwa wake na namba ya ukaguzi, kama SHA-256, na vile vilivyotangazwa na mtoaji. Ukitaka kujua kwa nini nasisitiza, fungua siku moja faili ya .bin iliyopakuliwa vibaya kwa kihariri cha maandishi uone inavyoanza na `<!DOCTYPE html>`. Huo ni ukurasa wa wavuti uliovishwa jina la programu dhibiti, na mashine isiyokagua itauandika kwa utiifu wote.

Kore ya akiba dhidi ya butiloda ya kudumu

Njia hizi mbili hazihitaji kununua chochote, kwa hiyo ndizo za kujaribu kwanza. Zinafanana kwa urahisi lakini nguvu zake si sawa.

Kore ni mpangilio unaoifanya FPGA iwe kompyuta fulani, na kore ya akiba ni nakala yake ya pili iliyohifadhiwa kwenye flashi ileile, mahali ambapo sasisho la kawaida haligusi. ZX Spectrum Next inayo. Sasisho la kawaida huanza kwa kuweka faili ya TBBLUE.TBU kwenye kadi na kushikilia herufi U unapowasha. Likikatika, unashikilia vitufe vya NMI na DRIVE kwa pamoja huku ukibonyeza RESET, na mashine inaamka kwa kutumia kore ya dharura ambayo kazi yake ni kukuwezesha kurudia sasisho kutoka kwenye kadi. Hakuna kompyuta nyingine inayohitajika, hakuna kebo.

MEGA65 inafanya vivyo hivyo kwa mpango mpana zaidi. Flashi yake imegawanywa nafasi kadhaa za megabaiti 8 kila moja. Nafasi 0 ndiyo ya kiwandani, na ndiyo inayoanza kila unapowasha kabla ya kukabidhi kazi kwa nafasi nyingine. Ukishikilia NO SCROLL wakati wa kuwasha, unapata menyu ya kuchagua kore na ya kuandika upya nafasi iliyoharibika. Ukiharibu nafasi 1, hujaharibu kitu: unarudi kwenye menyu na kuiandika tena. Ukiharibu nafasi 0, umejitoa kwenye njia hii na unahitaji JTAG, njia ya pini za bodi ambayo nitaifikia. Ushauri ni mfupi: nafasi 0 iache kama ilivyo mpaka uwe na sababu nzito na adapta ya JTAG mkononi.

Butiloda ni programu ndogo inayoanza kwanza na kupakia nyingine, na ile ya kudumu ni jambo jingine. RP2040, chipu iliyo kwenye Neo6502, ina ROM ya kilobaiti 16 iliyochongwa ndani ya silikoni kiwandani. Haifutiki, haisasishiki, na hakuna sasisho baya linaloweza kuigusa. Unashikilia kitufe cha BOOTSEL, unachomeka USB, na kwenye kompyuta yako ya kawaida inatokea diski iitwayo RPI-RP2. Unaburuta faili ya UF2 ndani yake, diski inatoweka yenyewe, kazi imekwisha. Sijaona urejeshaji rahisi kuliko huu.

ESP32 nayo ina butiloda ya kudumu, ingawa inahitaji maarifa kidogo zaidi. Pini ya GPIO0 ikiwa imeshushwa hadi sifuri wakati chipu inaanza, inaingia katika hali ya kupokea, na programu ya esptool inaweza kufuta na kuandika flashi yote. Kwenye bodi nyingi esptool hushusha pini hiyo yenyewe kupitia chipu ya USB. Ukifungua dirisha la mawasiliano kwa kasi ya 115200 na kuona `invalid header: 0xffffffff` ikijirudia bila kukoma, usivunjike moyo, maana hiyo ni habari njema. Butiloda ya kudumu inakuambia yenyewe kwamba iko hai, imeenda kwenye flashi na imekuta patupu. Angalia tu anwani unapoandika: kwenye ESP32 ya kawaida butiloda ya pili hukaa 0x1000, jedwali la sehemu 0x8000, na programu yenyewe 0x10000. Programu ikiandikwa mahali pa butiloda, chipu itaendelea kujiwasha upya bila mwisho.

Kwa uimara, basi, butiloda ya kudumu inashinda bila ubishi, kwa kuwa kore ya akiba inaweza kufutwa na mtu mwenye haraka. Kwa wepesi, kore ya akiba ina faida, kwani njia ya USB inahitaji kompyuta ya pili, mara nyingine draiva, na kebo inayopitisha data. Hii ya mwisho si utani. Kebo nyingi zilizozagaa majumbani ni za kuchaji tu, na zinakula muda wa watu kuliko hitilafu yoyote ya chipu.

Butiloda ya SMC kwenye X16 usiiweke kwenye kundi hili. Ni butiloda kweli, lakini imekaa ndani ya flashi ileile ya kilobaiti 8 ya ATtiny861, na chipu za jamii ya ATtiny hazina eneo la butiloda linalolindwa kivyake na maunzi. Inasaidia pale sasisho linapokwenda vizuri. Ikiharibika yenyewe, chipu hiyo haina ROM ya kuirudisha.

Kuhusu MiSTer, mfumo unaoiga kompyuta za zamani kwa FPGA iliyo kwenye bodi ya DE10-Nano, mambo ni mafupi. Mfumo na kore zote zinasomwa kutoka kadi ya microSD kila unapowasha. Sasisho likivurugika, andika kadi upya, au weka nyingine. Ukijikuta unatafuta kifaa cha kuandikia chipu kwa ajili ya MiSTer, umepotea njia.

ISP, JTAG, na jirani anayekuganga

Vitufe vikigoma na USB ikiwa haina la kusema, hatua inayofuata ni kuongea na chipu moja kwa moja kupitia pini za bodi, bila kuing'oa. Hapa ndipo watu huchanganya njia mbili zisizobadilishana.

ISP ni ya maikrokontrola za AVR kama SMC ya X16. Pini ni sita: MISO, MOSI, SCK, RESET, umeme na ardhi. Kifaa kinashikilia RESET chini, chipu inaacha kuendesha programu yake, na inasikiliza amri za kusoma na kuandika. Kwa sababu sehemu inayosikiliza ni maunzi, haijali kama flashi imejaa takataka. Kwa SMC iliyokufa hii ndiyo njia sahihi, na mara nyingi ndiyo pekee.

Kifaa chenyewe kinaweza kuwa USBasp au Arduino Uno iliyowekwa programu ya kuigeuza kuwa mwandishi wa ISP. USBasp ni ndogo, haina cha kupangilia, na ina jampa ya kuchagua volti. Arduino ina sifa moja tu kubwa: pengine tayari unayo. Usumbufu wake ni kwamba hujiwasha upya kila programu inapofungua mawasiliano nayo, ndiyo maana watu huweka kapasita ya mikrofaradi 10 kati ya RESET yake na ardhi. Kama unayo Arduino, itumie, usinunue kitu. Kama huna yoyote, chukua USBasp.

Kabla ya kuandika, iambie avrdude, programu ya kompyuta inayoendesha kifaa hicho, isome tu utambulisho wa chipu. ATtiny861 inajibu 0x1E930D. Ukipata namba hiyo, waya ziko sawa na chipu inapumua. Ukipata 0x000000 au 0xFFFFFF, usiandike kitu, rudi kwenye waya. Umeme wa ukutani wa X16 uwe umechomolewa kabisa kama kifaa chako ndicho kinachotoa volti 5, la sivyo vyanzo viwili vya umeme vitashindana juu ya waya mmoja.

Hatari halisi ya ISP iko kwenye fyuzi, yaani biti za mipangilio zinazokaa nje ya flashi. Ukichagua saa ya nje kwenye bodi isiyo na saa hiyo, chipu haitajibu tena mpaka upate saa ya kuipa. Ukizima pini ya RESET au ISP yenyewe, kinachobaki ni uandishi wa volti 12, ambao unahitaji kifaa kingine. Na fyuzi inayoruhusu chipu kujiandika yenyewe ikiachwa imefungwa, SMC itafanya kazi vizuri tu, ila sasisho lijalo kupitia butiloda halitawezekana na utajiuliza kwa nini. Kama sasisho ndilo lililokatika na hukugusa fyuzi, ziache. Andika flashi peke yake.

JTAG ni ya FPGA kubwa kama iliyo ndani ya MEGA65, na inafanya kazi kwa akili tofauti. FPGA haina kumbukumbu ya kudumu ndani yake, kila inapowashwa husoma mpangilio wake kutoka flashi ya nje. JTAG inakuruhusu kuusukuma mpangilio huo moja kwa moja ndani ya FPGA, ukiiruka flashi. Kompyuta inaamka, inaonyesha picha, kila kitu kiko sawa, mpaka uzime. Kwa hiyo kazi ni ya hatua mbili: amsha mashine kwa kore ya muda, kisha itumie mashine hiyohiyo iliyoamka kuandika flashi yake ya kudumu. Wengi huishia hatua ya kwanza wakishangilia, wanazima, na kesho yake wanadhani imekufa tena. Kwa MEGA65 adapta inayotumika ni TE0790-03 ya Trenz Electronic. Usinunue adapta nyingine kwa kuwa tu imeandikwa JTAG, kwani programu za upande wa kompyuta huchagua adapta zinazozitambua.

Kwa ugumu, ISP ni nyepesi: programu ndogo, pini sita, sekunde chache. JTAG inataka kufungua kasha, adapta maalumu na uvumilivu wa kusakinisha programu. Lakini JTAG inasamehe zaidi. Unachosukuma ndani ya FPGA kinapotea ukizima, kwa hiyo kosa la hatua ya kwanza halibaki. Kosa la fyuzi kwenye AVR linabaki.

Katikati ya hizi mbili kuna njia ya Agon Light, ninayoipenda kuliko zote. Wahenga walisema mganga hajigangi, na eZ80 iliyofutwa haiwezi kujiandika. Ila ina kiolesura cha uchunguzi kiitwacho ZDI, chenye waya wa saa na waya wa data, na ESP32 iko sentimita chache tu kutoka pale. Kwa hiyo unaiandikia ESP32, kupitia USB, programu ya muda ya uokoaji. Unaunganisha waya mbili za jampa kutoka pini zake hadi pini za ZDI, na ESP32 inamwandikia jirani yake MOS mpya. Ukimaliza unaondoa waya na kuirudishia ESP32 programu yake ya VDP. Hakuna kifaa cha kununua zaidi ya waya mbili. Ubaya wake ni mmoja: usiporudisha VDP, utaona skrini ngeni na kudhani umeharibu na chipu ya pili.

Kung'oa chipu dhidi ya kuibana ilipo

Hapa tumefika kwenye kumbukumbu zisizo na akili yake, ROM na flashi, ambazo mashine imekufa kwa sababu zimefutwa nusu.

Inafaa kuelewa kilichotokea ndani. SST39SF040 hufutwa kwa vipande vya kilobaiti 4, na kipande kilichofutwa husomeka FF kila baiti. Kuandika kunaweza kugeuza biti kutoka 1 kwenda 0 tu, kwa hiyo lazima kufuta kutangulie. Sasisho likikatika baada ya kufuta na kabla ya kuandika, vipande hivyo vinabaki FF. Kichakataji cha 65C02 kikiwashwa, kitu cha kwanza kinachofanya ni kusoma anwani ya kuanzia kwenye $FFFC na $FFFD. Kwenye X16 baiti hizo hutoka benki ya kwanza ya ROM, mahali 0x3FFC pa faili. Zikiwa FF FF, kichakataji kinaruka hadi $FFFF na kupotelea huko. Ndiyo maana feni inazunguka na skrini haisemi neno. Ukiisoma chipu hiyo kwa kifaa na ukakuta FF FF mahali 0x3FFC, umeshapata jibu lako.

ROM ya namna hii ikiwa kwenye soketi, ing'oe. Kifaa cha kuandikia chipu kama TL866II Plus au T48 vya XGecu kinaisoma, kinaifuta, kinaiandika na kuihakiki; kwenye Linux ipo programu ya minipro inayovitumia vyote viwili. Utambulisho wake unasomeka BF kwa mtengenezaji na B7 kwa chipu yenyewe. Hakuna sehemu nyingine ya saketi inayoingilia, hakuna kubahatisha volti. Sehemu ngumu ni ya mikono: chipu yenye miguu 32 haitoki kwa kuvutwa upande mmoja. Ingiza bisibisi bapa nyembamba chini ya ncha moja, inua kidogo sana, hamia ncha ya pili, inua kidogo, rudi. Kabla ya yote, piga picha inayoonyesha kikato cha nusu duara kinaelekea wapi, kwa sababu chipu iliyorudishwa kinyume hupata umeme na ardhi mahali pasipo pake, na hapo tatizo lako linaacha kuwa la programu.

Njia nzuri zaidi ni kuwa na SST39SF040 ya pili. Andika ROM mpya kwenye chipu mpya, na ile ya zamani uihifadhi.

Kibanio ni kwa flashi ndogo zenye miguu minane zilizolehemewa kwenye bodi, kama W25Q128 na ndugu zake, zinazobeba mpangilio wa FPGA. Unabana miguu yote minane bila kulehemua chochote, unaunganisha kifaa cha bei nafuu kama CH341A, unasoma na kuandika. Kwa maneno inasikika rahisi kuliko kung'oa. Kwa vitendo ndiyo njia yenye mitego mingi zaidi katika makala hii, na ningeiweka nyuma ya JTAG kila mahali ambapo JTAG ipo.

Mtego wa kwanza ni volti. Chipu hizi ni za volti 3.3, na bodi nyingi nyeusi za CH341A hutoa 3.3 kwenye pini ya umeme lakini 5 kwenye pini za data. Kabla ya kubana chochote, pima kwenye soketi tupu ya kifaa, pini 1 dhidi ya pini 4, kikiwa kimechomekwa USB. Ukiona inakaribia 5, usikitumie. Zipo pia chipu za volti 1.8 zenye majina yanayofanana sana na za 3.3, kwa hiyo soma herufi zote zilizochapwa mgongoni, kwa lenzi ikibidi.

Mtego wa pili ni kwamba chipu haiko peke yake. Ukiipa umeme kupitia kibanio, umeme huo unavuja kwenda kwenye bodi nzima, FPGA inaamka nusunusu na kuanza kuisoma flashi ileile unayoiandika. Matokeo yake ni data inayobadilika kila unapoisoma. Dawa ni kuishikilia FPGA kwenye hali ya kuanza upya, kwa pini yake ya CRESET kama ni iCE40 au PROGRAM_B kama ni ya Xilinx, pale ambapo bodi imezitoa nje. Bila hivyo, hakikisha walau unasoma mara mbili na kulinganisha faili hizo mbili baiti kwa baiti. Zisipolingana, hauko tayari kuandika. Utambulisho wa W25Q128 ya volti 3.3 inayojulikana sana ni EF 40 18. Ukipata FF FF FF au sifuri tupu, kibanio hakijashika.

Na kabla ya kufuta, hifadhi ulichosoma, hata kama kimeharibika. Ndani yake huenda kuna mipangilio ya mashine yako ambayo haimo kwenye faili ya sasisho.

| Unachokiona | Anza na | Kisipofaa, nenda |
|---|---|---|
| Next haionyeshi kitu baada ya sasisho la kore | NMI, DRIVE na RESET | fundi mwenye JTAG |
| MEGA65 inagoma, NO SCROLL inaleta menyu | andika upya nafasi 1 | JTAG |
| Agon: mstari wa VDP upo, MOS haupo | ESP32 na waya mbili za ZDI | fundi |
| Agon: skrini tupu, kebo ni nzima | USB na esptool | kagua umeme wa bodi |
| X16: kitufe hakiwashi chochote | ISP kwa SMC | ATtiny861 mpya iliyoandikwa |
| X16: feni inazunguka, hakuna maandishi | ng'oa ROM, iandike | ROM mpya, kisha kagua VERA |
| Neo6502 kimya | BOOTSEL na UF2 | kebo nyingine |
| MiSTer kimya | andika kadi upya | kadi nyingine |

Lini umpe mwingine

Kama mashine bado ina dhamana na njia za vitufe zimegoma, mwandikie aliyeiuza kabla hujafungua kasha. Kama flashi imelehemewa na hakuna pini za JTAG, na hujawahi kushika chuma cha kulehemu, mpe anayefanya kazi hiyo kila wiki. Mwambie toleo ulilotoka, toleo ulilokuwa unaenda, na kila ulichojaribu, pamoja na yale unayoona aibu kuyasema, kwani fundi anayejua kwamba fyuzi ziliguswa ataanza mahali tofauti kabisa.

Ukinunua kifaa kimoja tu

Mwenye Next, Neo6502, Agon au MiSTer hahitaji kununua chochote zaidi ya kebo nzuri ya USB, kadi ya akiba na waya za jampa. Mwenye MEGA65 anayependa kujaribu kore mpya kila zinapotoka anunue adapta ya JTAG siku atakapoamua kugusa nafasi 0, asinunue kabla. Mwenye X16 ndiye mwenye mzigo mkubwa zaidi, kwa kuwa ana chipu tatu za aina tatu. Kwake ningechagua T48 kuliko USBasp. T48 inaandika SST39SF040, na inaandika pia ATtiny861 iliyochomolewa kwenye soketi, wakati USBasp inaweza hiyo ya pili peke yake. CH341A na kibanio ningeviacha dukani mpaka siku ambayo VERA yenyewe imegoma na hakuna programu inayoweza kuiandika kutoka ndani ya mashine.